Karamojo Bell na Risasi Ndogo: Maisha ya Mwindaji wa Ndovu

Utangulizi

Hakuna mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asiyekijua kisa cha Fumo Liyongo. Shujaa huyo wa pwani, bingwa wa uta na wa tungo, hakushindwa na majeshi wala mikuki. Aliuawa kwa sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni, na aliyeidunga alikuwa mwanawe wa kumzaa, baada ya kuichimbua siri ya mahali ambapo mwili wa babake ungeweza kudhurika. Aghalabu sisi hukichambua kisa hiki tukitafuta maudhui ya usaliti, na ni sawa tufanye hivyo. Hata hivyo, ndani yake mna jambo jingine ambalo huwa hatulitilii maanani. Silaha ndogo kabisa hutosha pindi anayeishika anapojua mahali pa kuipeleka. Na ujuzi huo, ukishamfikia mtu, hauulizi iwapo utatumiwa kwa haki ama kwa dhuluma.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa shujaa wa tendi zetu wala hakuzaliwa katika bara letu, lakini ambaye jina lake lilishikamana na nchi iliyo jirani kabisa na mpaka wetu wa kaskazini magharibi. Huyu ni Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskoti aliyejulikana duniani kote kwa jina la Karamojo Bell. Aliwaua ndovu 1,011. Wengi wao aliwaua kwa risasi ambayo wawindaji wa zama zake waliiona kuwa ya kuwindia paa. Swali la ni risasi gani imfaayo anayekabiliana na mnyama mkubwa limezua ubishi tangu enzi za magobori hadi leo, na hapana mtu aliyelijibu kwa namna ya kushangaza zaidi kuliko yeye. Katika kurasa hizi tutayafuata maisha yake ili tuone jinsi alivyolifikia jibu hilo, na gharama iliyolipwa kwalo.

Yatima mtoro

Bell alizaliwa tarehe 8 Septemba 1880 katika shamba la ukoo wao karibu na Edinburgh, huko Uskoti, katika familia tajiri iliyokuwa na watoto kumi. Mali haikumwondolea upweke. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka miwili, na babake akafuata alipotimiza miaka sita. Malezi yake yakawa mikononi mwa kaka zake wakubwa, ambao hawakujua la kufanya na kijana huyu aliyekuwa na moyo wa kuhamahama. Alipelekwa shule hii akatoroka, akapelekwa ile akatoroka. Katika mojawapo alimtwanga kiongozi wa wanafunzi kichwani kwa gongo la kriketi. Alipofika miaka 13 akaingia baharini kuwa baharia mwanagenzi.

Tangu utotoni alikuwa amekwisha kuamua kwamba angekuwa mwindaji wa ndovu Afrika. Wengi huota ndoto za aina hiyo kisha wakazisahau wanapobaleghe. Bell hakuisahau yake. Aliwasumbua walezi wake hadi wakakubali kumpa nauli na bunduki, na alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi alikuwa ameshawasili Mombasa. Ulikuwa wakati wa kujengwa kwa reli ya Uganda, kazi iliyoanza mwaka 1896. Tunaifahamu vyema habari ya simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli hiyo hadi walipouawa Desemba 1898. Simba hao hawakuwa peke yao. Hatari ilikuwa kubwa katika sehemu nyingi za njia, na Bell akapewa kazi ya kuwalinda wafanyakazi kwa kuwapiga simba risasi. Bunduki yake ilikuwa ya kipenyo cha .303, nayo ilibeba risasi moja tu kwa wakati mmoja. Anayemkabili simba kwa bunduki ya namna hiyo hana budi kujifunza kutokosea, kwa sababu hapewi nafasi ya pili.

Kutoka Afrika alivuka bahari hadi Kanada, ambako watu walikuwa wakimiminika Klondike kutafuta dhahabu. Dhahabu haikumkalia sawa. Alichopata ni kazi ya kuwapigia nyama wachimbaji wa mji wa Dawson City wakati wa majira ya baridi kali. Mwenzake waliyeshirikiana naye alichukua fedha zote za mauzo akatokomea, akamwacha Bell hana hanani. Ilimbidi auze karibu kila alichokuwa nacho. Vita vya Makaburu vilipozuka huko Afrika Kusini mwaka 1899, aliona njia ya kurudi Afrika bila kulipa nauli: akajiandikisha katika kikosi cha wapanda farasi cha Kanada.

Vitani farasi wake aliuawa kwa risasi, naye akakamatwa mateka, kisha akafaulu kutoroka na kurejea upande wa Waingereza, akafanywa mpelelezi. Kuna jambo katika vita hivyo ambalo mwandishi wa wasifu hawezi kulipita kimya. Makaburu walikuwa wamejihami kwa bunduki za Mauser kutoka Ujerumani, zilizotumia risasi nyembamba ya milimita 7. Risasi hiyo, iliyobuniwa mwaka 1892, iliwatesa sana Waingereza kwa wepesi wake na shabaha yake ya mbali. Bell alikuwa miongoni mwa waliofyatuliwa. Miaka michache baadaye risasi hiyohiyo ndiyo iliyomtajirisha.

Ubishi wa risasi

Hapa ni vyema tutue kidogo ili msomaji ambaye hajawahi kuishika bunduki aielewe mada yetu. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki inayowaka kwa kugongwa, baruti iliyo ndani ya ganda, na kichwa, ambacho ndicho kirukacho. Kipenyo cha mtutu hupimwa aidha kwa milimita au kwa sehemu za inchi, ndipo tunaposikia watu wakizungumzia bunduki ya .303 ama ya .450. Vita vilipokwisha mwaka 1902 na Bell akaamua kuianza kazi aliyoiota tangu utotoni, soko la London lilijaa risasi za kuwindia ndovu, na kila fundi wa bunduki aliisifu yake.

Tangu kale imani ya wawindaji ilikuwa kwamba mnyama mkubwa hutaka risasi kubwa. Katika karne ya 19 walitumia magobori yaliyorusha tufe la risasi lenye uzito wa robo ratili. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyeuawa vitani Beho Beho, karibu na mto Rufiji, Januari 1917, alianza kazi kwa bunduki kama hizo, na baadaye alikiri kujuta kwa kuwa mateke yake yalimharibu mishipa ya fahamu. Baruti mpya isiyo na moshi ilipovumbuliwa, mafundi walipunguza kipenyo lakini wakaongeza nguvu. Mwaka 1898 Rigby wa London walitoa risasi ya .450 yenye kichwa cha takriban gramu 31. Palikuwepo pia ya .577 yenye kichwa cha gramu 48, na ya .600 iliyofika gramu 58. Bunduki ya mitutu miwili ya .600 ilikuwa na uzito wa kilo 7 hivi, na teke lake liliweza kumwangusha mtu asiyejizatiti. Halafu zikaja zile zilizopewa jina la magnum, neno la Kilatini lenye maana ya kubwa. Mashuhuri zaidi kati yake ni ya .375, iliyotolewa na Holland & Holland mwaka 1912, ambayo hadi leo wengi huitaja kama risasi ya kufaa kwa kila mnyama wa Afrika.

Hoja ya wapenzi wa risasi kubwa haikuwa ya kipuuzi. Ndovu dume huweza kuzidi tani tano. Akija mbio kutoka kichakani hatua kumi mbele yako, risasi nzito hata isipofika ubongoni huweza kumtikisa, akasita au akageuka. Kwa maneno mengine, risasi kubwa ni bima ya mtu anayejua kwamba huenda akakosea.

Bell aliitazama hoja hii kwa jicho jingine. Alijaribu bunduki kadhaa, ikiwemo ile nzito ya mitutu miwili ya .400. Aligundua kwamba uzito wake ulimchosha, na teke lake lilimfanya mtu afumbe macho na kushtuka kabla ya kufyatua, na anayeshtuka hawezi kulenga. Ndipo alipoigeukia ile risasi ya milimita 7 ya Makaburu, ambayo Rigby waliiita .275. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa gramu 11 tu, chini ya moja ya tano ya kile cha .600. Hata hivyo kilikuwa kirefu ikilinganishwa na unene wake, pua yake ilikuwa ya mviringo, na kilivikwa chuma kote hata hakikutanuka kilipogonga mfupa. Kitu chembamba, kirefu na kigumu hupenya kwa kunyooka, kama msumari uingiavyo ubaoni. Bunduki yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo 3 na ushei, hivyo Bell aliweza kuibeba mwenyewe kutwa nzima badala ya kumpa mpagazi.

Alitumia pia bunduki nyepesi ya Mannlicher-Schönauer ya milimita 6.5, ile ya .303 ya jeshi la Uingereza, na ya .318 iliyotengenezwa na Westley Richards. Hii ya mwisho aliiacha kwa sababu risasi zake hazikutegemeka. Kwake sifa ya kwanza ya risasi haikuwa nguvu bali uaminifu: kwamba kila fataki ikigongwa, ganda litawaka papo hapo. Risasi za Kijerumani za milimita 7 zilimpa uaminifu huo. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba ndovu wapatao 800 kati ya wale 1,011 waliangushwa nazo.

Siri ya fuvu

Risasi ndogo pekee isingemfaa kitu. Wapo waliomwiga Bell wakajuta. Kilichomtofautisha na wenzake ni kwamba aliuchunguza mwili wa ndovu kama mwanafunzi wa utabibu. Alichukua fuvu la ndovu akalipasua kwa msumeno kutoka mbele hadi nyuma, akaona kwa macho yake kile ambacho wengi walikikisia tu.

Kichwa cha ndovu ni kikubwa, lakini sehemu kubwa ya mfupa wake imejaa vishimo vya hewa mithili ya sega la nyuki. Laiti mfupa huo ungekuwa mzito kote, shingo isingeubeba. Ubongo wenyewe, wenye uzito wa kilo 4 au 5 hivi, umefichwa nyuma na chini, katikati ya matundu ya masikio. Risasi iliyo kubwa namna gani, ikipita katika vile vishimo vya hewa bila kuugusa ubongo, humwacha ndovu akiwa hai, mwenye maumivu na ghadhabu. Ile ndogo ikiufikia, ndovu hupiga magoti pale pale aliposimama. Bell alichora michoro ya fuvu na ya viungo vya ndani kwa mkono wake, kwani alijaliwa kipaji cha uchoraji, na baadaye michoro yake ikapamba vitabu vyake. Alijifunza kukipata kitovu cha Liyongo kutoka kila upande: ubavuni, usoni, na hata kutoka nyuma kwa mshazari, pembe ngumu kuliko zote, ambayo wawindaji wameiita kwa jina lake hadi leo.

Manufaa mengine ya bunduki ndogo yalikuwa ya kibiashara. Mlio wake haukuwa wa kutisha. Ndovu akianguka kimya bila kupiga kelele za maumivu, wenzake walio kundini huenda wasitambue kilichotokea, wakabaki wamesimama. Hapo Bell aliweza kumlenga wa pili na wa tatu. Kwa hesabu yake, siku moja aliyowapata ndovu tisa ilimwingizia pembe zenye thamani ya pauni 863, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida wa Uingereza wakati huo hangezipata kwa miaka kadhaa.

Karamoja

Ndovu hao aliwapata wapi? Msafara wake ulianzia mahali tunapopajua: Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga. Mji huo ulikuwa kituo kikuu cha misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani, na lugha yetu ilikuwa imeshapiga hema huko kabla ya Mzungu wa kwanza kufika. Wafanyabiashara hao walikuwa wamekwisha kuifungua njia ya kaskazini, kuelekea nchi ya Wakaramojong. Biashara ya pembe haikuanza na Bell. Tippu Tip, ambaye tawasifu yake ni miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ya aina hiyo katika Kiswahili, alikusanya vipusa kutoka Manyema hadi Kongo miaka mingi kabla, naye alifariki Zanzibar mwaka 1905, wakati Bell akiwa ameshaianza kazi yake. Tukimsuta Mskoti huyu, basi na tusiyasahau ya kwetu.

Karamoja ni nyika kame iliyo kaskazini mashariki mwa Uganda, ikipakana na Waturkana na Wapokot wa Kenya. Wenyeji wake ni wafugaji hodari wa ng'ombe, na wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa haijaifikia ipasavyo. Sheria za vibali, ambazo kwingineko zilimruhusu mtu kuua ndovu wachache tu, huko zilikuwa jina tupu. Misafara kadhaa ya wafanyabiashara ilikuwa imegombana na wenyeji, damu ikamwagika pande zote mbili.

Bell aliingia kwa njia nyingine. Alimpiga ndovu mbele ya macho yao kwa kile kibunduki chake chembamba, kisha akawaachia nyama yote, yeye akachukua pembe tu. Kwa watu waliozungukwa na njaa ya kiangazi, mgeni aletaye nyama kwa mamia ya ratili hakosi marafiki. Alitangaza pia kwamba yeyote atakayemletea habari za ndovu dume wakubwa angezawadiwa ng'ombe, na punde si punde vijana wa vijiji vingi wakawa macho yake. Rafiki yake mkubwa alikuwa Pyjale, Mkaramojong hodari wa mkuki, aliyefuata nyayo pamoja naye kwa misimu mingi na ambaye Bell alimsifu maishani mwake mwote. Ni haki tuseme kwamba bila macho ya Pyjale risasi ya .275 ingekuwa kipande cha chuma tu. Wapagazi na wachungaji wa punda wa misafara hiyo, walioibeba mizigo ya pembe kurudi Mumias, wengi wao wanapita katika vitabu bila majina.

Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Bell alikadiria kwamba kwa kila ndovu dume aliyemuua alikuwa ametembea wastani wa maili 73, yaani kilomita 117 hivi, na kwamba katika mwaka mmoja alichakaza jozi 24 za viatu. Aliandika kila risasi aliyoifyatua na kila pembe aliyoipata. Kati ya ndovu wake wote, 28 tu ndio waliokuwa majike. Kwake uwindaji haukuwa mchezo wa mabwana kama ule wa Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani aliyezuru nchi zetu mwaka 1909. Ulikuwa biashara yenye mapato na matumizi, na risasi moja kwa ndovu mmoja ilikuwa ndiyo faida.

Karamoja ilipoanza kuishiwa na madume wakubwa, alihamia Lado, eneo lililo magharibi mwa Nile ambalo lilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mfalme huyo alipofariki Desemba 1909, eneo hilo lilitakiwa kurudishwa kwa Sudan, na katika pengo hilo la utawala wawindaji kutoka kila pembe walilivamia. Bell alikuwa miongoni mwao. Baadaye aliwinda Uhabeshi, Liberia, na katika misitu ya Kongo na Ubangi. Kila alikofika aliwakuta ndovu; kila alikoondoka walikuwa wamepungua.

Vita, ndege na utulivu

Vita Vikuu vya kwanza vilimkuta katika nchi za Wafaransa za Afrika ya kati. Alisafiri kurudi Uingereza, akajifunza kurusha ndege, akaingia katika jeshi la anga. Alirudishwa Afrika Mashariki, na akaruka juu ya Tanganyika wakati Waingereza walipokuwa wakipambana na Wajerumani. Inasimuliwa kwamba alipenda kuruka peke yake bila mpelelezi wa kiti cha pili, ili aweze kuwafyatulia adui kwa bunduki yake ya kuwindia. Kutoka huko alipelekwa Ugiriki, ambako mwishoni mwa mwaka 1916 aliiangusha ndege ya adui, na hatimaye Ufaransa. Huko Ufaransa aliwahi kuiangusha kimakosa ndege ya Wafaransa, waliokuwa upande mmoja naye. Mtu aliyeweza kuupata ubongo wa ndovu kwa mshazari alishindwa, angani, kumtambua rafiki. Alitunukiwa nishani ya Military Cross, na mwaka 1918 akaacha jeshi kwa sababu za kiafya.

Mwaka 1919 alimwoa Kate Soares. Alirudi Afrika mara chache katika miaka ya 1920, akiwemo katika safari ndefu ya mtumbwi kwenye mito ya Afrika Magharibi hadi karibu na Ziwa Chad. Baadaye akatulia katika shamba lake la Corriemoillie, kaskazini mwa Uskoti, ambako aliwinda kulungu wekundu na kusafiri baharini kwa merikebu yake ya mashindano, Trenchemer. Kitabu chake cha kwanza, The Wanderings of an Elephant Hunter, kilitoka mwaka 1923. Cha pili, Karamojo Safari, kilitoka mwaka 1949, na wanaisimu wenzangu wataona kwamba mada yake imebeba neno letu lililokwisha kuhamia katika Kiingereza. Cha tatu kilichapishwa mwaka 1960, yeye akiwa kaburini. Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 30 Juni 1954, akiwa na umri wa miaka 73. Mtu aliyefuata wanyama wa hatari kwa nusu ya maisha yake alikufa nyumbani kwake.

Tamati

Ubishi wa risasi haukufa naye. Nchi nyingi za Afrika zilizoendelea kuruhusu uwindaji ziliamua kisheria kwamba mnyama wa hatari asipigwe kwa risasi iliyo chini ya .375. Sheria hizo zimezingatia ukweli kwamba mtu wa kawaida si Bell. Hajalipasua fuvu kwa msumeno, hajatembea kilomita 117 nyuma ya dume mmoja, na akikosea, atakayeteseka ni mnyama na wale watakaomkuta akiwa amejeruhiwa. Kwa maoni yangu sheria hizo ni za haki. Lakini zinathibitisha pia kwamba Bell alikuwa amesema kweli: ukubwa wa risasi hujaza pengo la ujuzi, na mwenye ujuzi hauhitaji.

Sasa turudi kwa Liyongo. Mwanawe aliijua siri ya kitovu, na ujuzi huo haukumfanya shujaa. Tendi zetu zimelihifadhi jina la aliyeuawa, na kumwachia muuaji fedheha. Bell alikuwa na fadhila ambazo hatuwezi kuzikana: alikuwa mvumilivu, mchunguzi, mwaminifu kwa marafiki zake wa Karamoja, na alichukia kumwacha mnyama akiwa na maumivu. Fadhila hizohizo ndizo zilizomwezesha kuwaua ndovu 1,011. Kama angekuwa mzembe na mwoga kama wengi wa wenzake, huenda angewaua mia mbili tu. Ndovu jike hubeba mimba kwa miezi 22, naye huzaa ndama mmoja baada ya miaka kadhaa. Risasi ya gramu 11 haichukui hata sekunde moja.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa aina hii mwaka 1977. Julai 1989 Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kusimamisha biashara yake duniani. Aprili 2016 tani 105 nyingine ziliteketezwa mahali palepale. Huko Karamoja nako, bonde la Kidepo lilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1962, na leo ndovu wapo.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuainisha wahusika: huyu shujaa, yule hasimu. Maisha ya Karamojo Bell hayakubali kuainishwa hivyo kwa urahisi, na kwa sababu hiyo yanafaa kusomwa. Nasi pia tunafundishwa kila siku kuchambua, kupasua, kutafuta kiini kilipofichwa. Ni kazi njema. Hata hivyo, anayeijua siri ya kitovu ana wajibu wa kujiuliza, kabla ya kuinua mkono, ni nini kitakachoanguka.